Mapaja ya kuku yaliyogandishwa kuja Mwanza kwa Sirari au Mutukula: kibali, ushuru na hesabu

Jiko_CapriPoint

Wakuu, habari za kazi.

Nanunua kuku kwa ajili ya jiko la hoteli na vibanda viwili vya chipsi hapa jijini. Mahitaji yote pamoja ni kama kilo 300 kwa wiki, na zaidi ya nusu ni mapaja. Kuku mzima ananisumbua kwa sababu kidari kinabaki, na kuku wa sokoni wanatofautiana uzito kiasi kwamba sahani mbili za bei moja hazifanani.

Nimeletewa ofa mbili. Ya kwanza ni mapaja ya Brazil yaliyogandishwa, yanashushwa Mombasa, yanakuja kwa njia ya Kisumu na kuingilia Sirari. Ya pili ni kuku waliochinjwa Uganda, wanaingilia Mutukula. Huyu wa pili anasisitiza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ni soko moja, ushuru ni sifuri, kwa hiyo hakuna kizuizi chochote. Bei za wote wawili ziko chini sana ya bei ya Mwanza.

Naomba wanaojua kazi hii wanieleze: je, mzigo wa namna hii unapita kihalali? Kodi yake ikoje? Na kwa nini paja linalotoka ng'ambo ya Atlantiki liwe rahisi kuliko la Buhongwa, hapa hapa Mwanza? Majibu ya "wewe leta tu, kuna mtu wetu pale" siyahitaji.

---

Kalamu_ya_Forodha

Mkuu, muuzaji wako wa Uganda amechanganya ushuru na kibali. Hivi ni vitu viwili, vinatoka ofisi mbili, na kimoja hakifuti kingine.

Ushuru kwanza, maana ndio mwepesi. Nyama ya kuku iko kwenye kifungu cha 02.07 cha vitabu vya forodha. Kuku mzima aliyegandishwa ni 0207.12, vipande na maini na filigisi vilivyogandishwa ni 0207.14. Ikiwa haijagandishwa, yaani ya ubaridi tu, ni 0207.11 na 0207.13. Tangu Julai 2022 nyama imo kwenye daraja la nne la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, asilimia 35 ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli. Tuchukue mfano tu wa hesabu: mapaja yakifika kwa dola 1.50 kwa kilo, ushuru pekee ni senti 52 na nusu, unakuwa kwenye dola 2.02 kabla ya tozo ndogo, wakala, usafiri wa nchi kavu na umeme wa kuhifadhia.

Mzigo wa Uganda kweli ni asilimia sifuri, ila kwa sharti moja: uwe na cheti cha asili, na kuku wawe wa huko kweli. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti cha asili kilichorahisishwa, kinatolewa hapo hapo mpakani. Mapaja ya Brazil yaliyofunguliwa Kampala na kutiwa kwenye mifuko mipya hayageuki kuwa ya Uganda. Hii ndiyo janja ya kawaida, na ofisa wa forodha anaigundua haraka: kiwanda cha kuchinja huuza na mabawa, shingo na filigisi, mtu mwenye mapaja matupu, yote ya saizi moja, tani kwa tani, ataulizwa kuku waliobaki wako wapi.

Sasa kibali. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inampa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo uwezo wa kuzuia au kuruhusu mnyama na mazao yake kuingia. Mwaka 2006, mafua ya ndege ya H5N1 yalipoingia Afrika, Tanzania ilizuia kuku na mazao yake kutoka nje. Zuio hilo ndilo lililotumika mpakani Namanga mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya walipoteketezwa. Kenya ni mwanachama wa Jumuiya kama Uganda, na vifaranga ushuru wao haukuwa hoja kabisa. Kilichokosekana ni kibali.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiubadilishe hata kidogo. Kabla ya kulipa hata shilingi ya utangulizi, unaomba kibali cha kuingiza kwenye mfumo wa vibali wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi (MIMIS). Ombi linataja bidhaa kwa namba yake ya forodha, uzito, nchi na kiwanda kilikotoka, na kituo cha kuingilia. Jibu likiwa hapana, biashara imeishia hapo na hujapoteza kitu. Likiwa ndiyo, linakuja na masharti. Hayo masharti unamtumia muuzaji nje, yeye anampelekea daktari wa serikali ya kwao ili cheti cha afya kiandikwe kulingana nayo. Ndipo unahangaika na usajili wa Bodi ya Nyama, Shirika la Viwango (TBS) kwa usalama wa chakula na lebo, na kipimo cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomiki ambacho wengi hukisahau hadi gari liko mpakani. Mzigo unaopita Kenya nao unahitaji ridhaa ya mamlaka ya mifugo ya Kenya, maana kontena la nyama likiharibikia Kericho ni tatizo lao.

Mizigo hukwama kwa sababu ndogo ndogo. Kibali kimeandikwa Sirari, dereva kaona foleni akaenda kwingine. Kibali kimeisha muda meli ikiwa baharini. Namba ya kiwanda kwenye katoni si ile ya kwenye cheti, kwa kuwa muuzaji alijaziliza mzigo kwa katoni za kiwanda dada. Namba ya lakiri ya kontena imekosewa tarakimu moja. Kwenye mzigo wa mabati au nguo, makosa kama haya yanasahihishwa kwa barua na faini. Kwenye nyama, kila siku ya barua unachoma dizeli ya jokofu, na ofisa wa mifugo ana haki ya kuamuru mzigo urudishwe au uteketezwe kwa gharama yako.

---

Dakt_Mifugo_Ziwa

Kalamu ameeleza vizuri. Niongeze upande wa ugonjwa, kwa kuwa ndio unaoamua lini mlango unafunguka na kwa nani.

Watu huuliza: nyama imegandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, virusi vitaishije? Vinaishi vizuri sana. Kugandisha kunavihifadhi. Kinachoviua ni joto, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH) limeweka viwango kwa joto la katikati ya nyama: nyuzi 60 kwa sekunde 507, nyuzi 65 kwa sekunde 42, nyuzi 70 kwa sekunde 3.5. Ndiyo maana nyama iliyopikwa kabisa, ile ya kifungu cha 1602.32, hutazamwa kwa jicho tofauti na mbichi. Lakini angalia: vile vipande vya kuku vyenye unga wa mkate vinavyouzwa vimegandishwa, vingi vimekaangwa juu juu tu ili unga ushike. Ndani ni vibichi. Kwa daktari wa mpakani hiyo ni nyama mbichi iliyovaa koti.

Hatari yenyewe haiko jikoni kwako. Mlaji wa kuku aliyeiva hana shida. Hatari ni maji ya kuyeyushia, mifupa na vifungashio vinavyotupwa jalalani, ambako kuku wa kienyeji wa jirani wanachakura na kunguru wanashuka. Kutoka hapo hadi banda la kuku 2,000 la Igoma ni safari ya kiatu kimoja.

Na sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kuhadithiwa. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege aina ya H5N8. Yalianzia kwa ndege pori wanaohama, buabua (ndege wa majini) waliokutwa wamekufa ufukweni Lutembe karibu na Entebbe, kisha yakapatikana kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Masaka na Mutukula ni barabara moja. Kenya na Rwanda zilifunga mipaka kwa kuku wa Uganda wakati ule. Ziwa ni moja, ndege hawagongi mhuri.

Sasa jinsi zuio linavyopaswa kufanya kazi. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya wanyama na mimea, unaotumika tangu 1995, unairuhusu nchi kuzuia kwa sababu za ugonjwa, mradi iwe na msingi wa kisayansi. Ushahidi ukiwa haujatosha unaweza kuzuia kwa muda huku ukitafuta taarifa. Ibara ya 6 inataka mwagizaji atambue kanda: ugonjwa ukiwa jimbo moja, usiadhibu nchi nzima bila kutathmini. India ilikataa kufanya hivyo kwa kuku wa Marekani, ikashtakiwa, na Juni 2015 Mahakama ya Rufaa ya Shirika hilo ikaamua dhidi yake.

Mfano wa karibuni ni wa hao hao Wabrazil wako. Mei 2025 mafua ya ndege yaligunduliwa kwenye shamba la kibiashara mjini Montenegro, jimbo la Rio Grande do Sul, mara ya kwanza kwa mashamba ya biashara ya nchi hiyo inayoongoza duniani kwa kuuza kuku nje. Siku hiyo hiyo ulimwengu ukagawanyika. China na Umoja wa Ulaya zilifunga kwa nchi nzima. Japani ilifunga kwa eneo la ugonjwa tu. Juni 18 Brazil ikajitangaza kuwa safi, baada ya siku 28 kupita tangu kuua kuku na kusafisha shamba, maana hicho ndicho kipindi cha chini kwenye kanuni za WOAH. Mteja anaweza kukubali tangazo hilo au akachelewesha miezi. Hakuna wa kumlazimisha haraka.

Kwa hiyo ukiletewa cheti cha afya, usiishie kwenye mhuri. Soma tarehe ya kuchinja, si ya kufungasha wala ya kupakia. Linganisha tarehe hiyo na taarifa za ugonjwa za eneo hilo kwenye WAHIS, mfumo wa wazi wa WOAH unaosomwa na yeyote mwenye simu. Angalia kama cheti kinasema kuku walikaguliwa kabla na baada ya kuchinjwa. Angalia aliyesaini ni daktari wa serikali. Cheti cha daktari wa kampuni ni karatasi ya matangazo.

Jambo la pembeni kidogo: chanjo nayo huleta zuio. Ufaransa ilipoanza kuchanja bata dhidi ya mafua ya ndege Oktoba 2023, Marekani iliweka vizuizi, kwa hoja kwamba ndege aliyechanjwa anaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili. Unaona ugumu: mfugaji anajikinga, soko linamfungia.

---

Jiko_CapriPoint

Ahsanteni sana, dakt na Kalamu. Nimeelewa kwamba swali la kwanza ni kibali na si bei. Lakini bado bei inanisumbua akili. Kama ni ugonjwa tu, mbona wafugaji wetu ndio wanaopiga kelele zaidi kuliko madaktari?

---

Mizani_na_Bei

Kwa sababu ugonjwa na bei vinavaa kanzu moja, ndugu. Mwenye kutaka kulinda wafugaji wake hutafuta sababu ya daktari, maana ya daktari haibishaniwi haraka kama ya ushuru.

Paja ni rahisi kwa sababu lilikwisha lipiwa na kidari. Marekani na Ulaya mlaji anataka kidari kisicho na mfupa, na analipa vizuri. Kiwanda kikishauza vidari kimerudisha gharama ya chakula, kifaranga, umeme na mshahara. Kinachobaki, mapaja na migongo na shingo, bei yoyote inayozidi nauli na ubaridi ni faida. Ukilinganisha na mfugaji wa Buhongwa anayemuuza kuku mzima, yeye lazima gharama yote irudi kwa kuku huyo huyo. Brazil inaongeza jingine: mahindi na soya ni vya kwao. Chakula ni asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kuku wa nyama, na hapa kwetu mashudu ya soya ndiyo yanayopandisha bei ya mfuko.

Historia ya ugomvi huu ni ndefu, na mingine inachekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za soko la pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru kwa kuku wa Marekani. Marekani ikalipiza Desemba 1963 kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Huo wa magari upo hadi leo, na Wamarekani wenyewe wanauita ushuru wa kuku. Pikapu inalipa deni la paja la miaka 60! Tangu 1997 Ulaya haipokei kuku aliyeoshwa kwa maji ya klorini. Urusi ililishwa mapaja ya Marekani miaka ya 1990 hadi yakaitwa "miguu ya Bush", kisha Agosti 2014 ikayafungia mlango pamoja na vyakula vingine kulipiza vikwazo.

Kwa Afrika, angalia Senegal na Afrika Kusini, maana ndizo njia mbili. Senegal ilifunga kabisa mwaka 2005 kwa hoja ya mafua ya ndege na haikufungua. Ufugaji wa ndani ukakua nyuma ya ukuta huo. Afrika Kusini iliacha mlango wazi ila ikatoza ushuru wa kuzuia bidhaa zinazomwagwa kwa bei ya chini, kwa mapaja ya Marekani tangu 2000. Mwaka 2015 ikabanwa kupitia AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikakubali tani 65,000 kwa mwaka ziingie bila ushuru huo. Yaani hata ukishinda hoja ya kuku, unaweza kushindwa kwenye hoja ya magari na matunda unayouza wewe.

Ila tusijifanye malaika. Zuio la kudumu lina mgharimiaji wake, naye ni mlaji wa Mwanza anayekula kuku mara moja kwa mwezi. Kingine, ukifunga nyama na vifaranga kwa pamoja, wenye mashine kubwa za kutotolesha wanabaki wachache na wanapanga bei wapendavyo, mfugaji mdogo anasubiri kifaranga wiki tatu. Ukuta unamlinda mfugaji na papo hapo unamkaba.

Na kwa waliosahau, Mwanza tumewahi kuwa upande wa pili wa hadithi hii. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na kabla ya hapo, 1998, kwa hofu ya kipindupindu. Viwanda vya sangara vilisimama. Hatukufungua mlango kwa kulalamika. Tulifungua kwa kuonyesha mamlaka inayokagua, vipimo vya maabara na kumbukumbu za boti hadi kiwanda. Uganda au Brazil wakitaka kuku wao waingie hapa, kazi ni ile ile, na ni yao.

---

Nyuzi_Kumi_na_Nane

Hapo kwenye sangara nimkumbushe mleta mada: usidanganywe kwamba utapanga nafasi kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki. Kiwanda kinachouza Ulaya hakiwezi kuchanganya minofu ya sangara na kuku mbichi chini ya paa moja, kitafutiwa idhini.

Hesabu yenyewe ya kontena hamjaigusa. Kontena la baridi la futi 40 linabeba takriban tani 27 za kuku waliogandishwa. Wewe unatumia kilo 300 kwa wiki. Hizo ni wiki 90, mwaka na miezi tisa, wakati katoni nyingi zimeandikwa mwaka mmoja tangu kuchinjwa, na mwezi au zaidi umeliwa na safari. Kwa hiyo anayekuuzia "kontena lako" anajua utauza sehemu kubwa kwa wengine. Hapo umekuwa msambazaji, na usajili na ghala vinabadilika.

Gari likiwa mpakani, jenereta ya jokofu inakunywa lita 2 hadi 4 za dizeli kwa saa. Siku nne za kusubiri karatasi ni lita 200 hadi 380. Madereva wengine huzima usiku ili wauze hiyo dizeli. Utajuaje? Dai kifaa cha kurekodi joto ndani ya mzigo, kiwekwe katikati ya katoni na si mlangoni, na kisomwe kabla ya kushusha. Bila kifaa, fungua katoni za nyuma na za juu: barafu nyekundu chini ya mfuko, au mapaja yaliyoshikana kama tofali moja, ni mzigo ulioyeyuka ukagandishwa tena. Theluji kavu nyingi ndani ya mfuko inaonyesha joto limepanda na kushuka.

Halafu maji. Kuku wengine hudungwa maji ya chumvi. Afrika Kusini iliweka mpaka mwaka 2016, asilimia 10 kwa kuku mzima na 15 kwa vipande, kwa sababu wapo waliokuwa wakivuka sana. Jipime mwenyewe: chukua kilo 10, yeyusha kwenye friji la nyuzi 4 kwa saa 24 hadi 36 juu ya chekeche, mwaga maji, pima tena. Ukipata kilo 8.7, bei uliyoambiwa igawe kwa 0.87. Ofa nyingi "za bei ya chini" zinafia kwenye chekeche.

---

Banda_Kishiri

Mimi nimjibu kwa upande wa pili, kwa sababu kilo 300 kwa wiki zinapatikana hapa hapa bila kumsumbua ofisa wa Sirari. Tatizo la Mwanza ni kwamba kuku anauzwa kwa kichwa, mnunuzi analalamikia uzito. Andika mkataba kwa kilo ya kuku aliyechinjwa na kusafishwa.

Tufanye kuku wa kilo 1.2 aliyesafishwa, ambaye akiwa hai ni kama kilo 1.65. Unahitaji 250 kwa wiki. Kuku wa nyama akitunzwa anafika hapo kwenye wiki ya tano. Ongeza wiki mbili za kusafisha banda na kulipumzisha, mzunguko ni wiki saba. Kwa hiyo wafugaji saba, au mmoja mwenye vyumba saba vilivyotengana kweli, kila wiki mmoja anaingiza vifaranga 265 ili vifo vya asilimia 5 visikupunguzie. Nafasi kuku 10 kwa mita moja ya mraba. Chakula kama kilo 2.8 kwa kuku, yaani kama mifuko 15 ya kilo 50 kwa kila kundi. Chanjo ya kideri siku ya 7 na ya 21, ya gumboro siku ya 14 na ya 28. Kuku wakianza kufa bila kueleweka, peleka mizoga ya leo kwenye maabara ya mifugo ya TVLA hapa Mwanza. Mizoga ya jana iliyovimba haiwasaidii.

Yanayoharibu mpango huu ni mawili. Moja, wafugaji wote saba kuingiza vifaranga wiki moja kwa kuwa ndiyo wiki vilipopatikana, halafu mwezi mzima jikoni hakuna kitu. Weka oda ya vifaranga ya miezi mitatu mbele, hata kwa malipo ya awali. Pili, dawa. Mfugaji akimpa kuku antibiotiki siku tatu kabla ya kuchinja, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zimevunjwa na mabaki yanaishia kwenye sahani yako. Daftari la dawa liwe sehemu ya mkataba.

Kuhusu vidari vinavyobaki: kata kila kuku vipande vinane, uza vidari vya kuchoma kwa bei ya paja kwenye vibanda. Ukisisitiza mapaja tu, utaendelea kuitamani Brazil. Mizani kasema ukweli kuhusu vifaranga, sina ubishi naye.

---

Jiko_CapriPoint

Banda, nakutumia ujumbe pembeni kuhusu mkataba wa kilo.

Swali la mwisho kwa Kalamu. Leo muuzaji wa mapaja ameniambia katoni 400 ziko tayari Kisumu, na anataka nusu ya malipo ndipo "aanze kushughulikia kibali". Pia anasema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, za Mutukula nazo zinafika kabla hazijayeyuka.

---

Kalamu_ya_Forodha

Daraja limefupisha barabara, ofisi ya vibali iko pale pale.

Katoni zilizokwisha fika Kisumu zina cheti kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Cheti cha afya kinataja nchi inayopokea na masharti yake. Hakihamishwi kwa kalamu, na daktari wa Brazil hawezi kukisaini upya kwa mzigo ulioondoka mikononi mwake. Kibali kinatangulia, cheti kinafuata, mzigo unakuja mwisho. Yeye anao mzigo, anatafuta pesa, na kibali hajaomba. Tena hao wa katoni 400 mara nyingi hupenda boti za usiku na njia za panya. Mzigo ukikamatwa, jina kwenye risiti ya malipo ni lako.

Mwombe picha mbili: lebo ya katoni inayoonyesha namba ya kiwanda na tarehe ya kuchinja, na ukurasa wa kwanza wa cheti cha afya. Ukipokea picha za mapaja tu, umeshajibiwa.